Michoro ya Go: usituletee skrinshoti

Mteja akitufikia kwenye duka letu la uchapaji hapa Moshi mjini na flashi yenye michoro ya mchezo wa ubao wa Go, tunafungua faili kwanza ndipo tutaje bei. Mara nyingi ndani yake tunakuta skrinshoti: ubao wa rangi ya mbao, kete zenye kivuli na mng'ao, vyote vya kupendeza kwenye simu. Kwenye mashine ya tona nyeusi rangi ile ya mbao inageuka kijivu, mistari inazama humo humo, na namba 137 iliyo juu ya kete nyeusi inabaki doa jeupe. Kama ilitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida, imeshabanwa, na kuikuza hakurudishi kilichopotea.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kete za Go huwekwa kwenye makutano ya mistari, si ndani ya miraba kama drafti. Ubao kamili una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Kete ikishawekwa haisogei. Inaondoka tu ikiliwa. Kwa hiyo mchezo mzima unaweza kuonyeshwa kwa kuandika namba juu ya kete. Tunawaonea wivu kidogo wachezaji wa Go, maana waliotuletea michoro ya bao tumewachorea shimo kwa shimo.

Tunachohitaji ni faili la SGF, yaani faili linalohifadhi mchezo kete kwa kete. Ni maandishi matupu, hata Notepad inalifungua. Ukiona ;B[pd];W[dp] ujue mweusi ameweka, mweupe amejibu. Herufi ya kwanza ni mstari wa wima ukihesabu kutoka kushoto, ya pili ni wa mlalo ukihesabu kutoka juu. Wapo wanaorudi na karatasi wakidai tumekosea, kwa sababu faili linasema pd na mchoro unasema Q16. Ni pale pale. Kwenye vitabu vingi herufi I hurukwa, na mistari ya mlalo huhesabiwa kutoka chini.

Programu za kugeuza SGF kuwa mchoro zipo kadhaa. Sisi tunatumia sgf2dg, ya bure, inayoendeshwa kwa kuandika amri. Haina sura, lakini inasikia. Usipoiambia kitu inakata mchezo kila baada ya kete 50, na hapo ndipo ningependa mteja aamue mwenyewe badala ya kutuachia.

Chukua mchezo wa nne kati ya Lee Sedol, bingwa wa Korea Kusini, na AlphaGo, programu ya kompyuta inayocheza Go, uliochezwa Seoul Machi 2016, ule pekee ambao Lee alishinda katika mitano. Una kete 180, na gumzo lote ni kete ya 78. Ukiiachia programu ikate yenyewe, kete hiyo inaangukia katikati ya mchoro wa pili, katika msongamano wa namba 51 hadi 100, na msomaji anaanza kuitafuta kwa kidole. Sasa andika hivi:

sgf2dg -breakList 40,77,130 mchezo.sgf

Mchoro wa pili unaishia kete ya 77. Wa tatu unaanza na 78, na kete zote za nyuma zinakaa bila namba. Mahali pa kukata pachaguliwe na anayejua mchezo, si sisi wa mashine.

Kwa mchoro unaoanza baada ya kete ya 100 kuna nyongeza ya amri iitwayo -doubleDigits, inayoandika 31 badala ya 131. Kwenye kijitabu cha A5 naipendekeza sana michoro ikibanwa. Upana wa A5 ni mm 148; toa pambizo ya mm 15 kila upande, zinabaki 118, na kete moja inapata kama mm 6. Hapo hata tarakimu tatu zinasomeka. Ila wapo wanaotaka michoro miwili ubavu kwa ubavu ili kubana kurasa. Kete inashuka chini ya mm 3, na tarakimu tatu ndani yake hazisomeki hata na kijana.

Kuna jambo jingine linaloleta ubishi. Kete iliyoliwa katikati ya mchoro hubaki ikionekana mpaka mchoro unaofuata. Na kete mpya ikiwekwa mahali penye namba tayari, programu haiwezi kuandika namba mbili kwenye duara moja, hivyo inaweka maelezo chini ya ubao kwamba hii imekaa pale ilipokuwa ile. Mistari hiyo midogo si takataka. Tumepokea kazi ambazo mteja ameikata ili ubao ukae vizuri, na mchezo ukawa haufuatiliki tena.

Ukitengeneza PDF mwenyewe, angalia karatasi. Kompyuta nyingi zimekaa kwenye Letter, ambayo ni mm 216 kwa 279, na sisi tunaprinti A4, mm 210 kwa 297. Fonti ziwe ndani ya faili, na chaguo la kutosheleza ukurasa lizimwe, ubaki asilimia 100.

Kazi ya nakala nyingi inaenda kwenye risografu, mashine ya kunakili kwa wino. Kete nyeusi zikijaa ukurasani wino unakuwa mwingi, kwa hiyo tunaziacha karatasi zikauke ndipo tuprinti upande wa pili. Usituombe kazi ya kuprinti pande mbili asubuhi ukaja kuichukua mchana. Kijitabu cha kupigwa pini katikati kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4, jalada likiwemo.

Walioko Arusha watume kwa barua pepe, au WhatsApp kama dokumenti. Tunarudisha ukurasa mmoja wa kukagua. Uprinti kwa ukubwa wake halisi, usiutazame kwenye simu. Ukijibu kwa maandishi kwamba umeukubali, tunaanza, na mzigo unapanda basi kwa gharama ya mteja.