Barua ya wazi kwa Minista wa Elimu wa jimbo la Haut-Katanga: musiache seksio ya lettres (masomo ya lugha na filozofia) ikufe

Mheshimiwa Minista, jambo sana kutoka Katuba, hapa Lubumbashi.

Mimi ni mwalimu wa kifaransa na filozofia, niko na miaka 14 mbele ya batoto. Mwaka huu shule moja penye nafundisha balifunga Latin-philo, ile seksio ya lettres yenye Kilatini na filozofia, balibakia batoto 6 tu, bazazi bote banataka elektrisite ao mekanike juu mu migodi njo kuko feza. Sibalaumu hata kidogo, Kilatini haipike bukari.

Lakini muone hii. Mtoto wa dada yangu alimaliza elektrisite, fundi wa kweli, akapata kazi kwa kampani moja, akaniletea kontra kisha kusaini. Kurasa 3 za kifaransa. Ku ukurasa wa pili baliandika kama wakati wa kujaribiwa banaweza kumufukuza bila kumuambia mbele. Nyaya za nyumba nzima anazijua, ile karatasi ilimushinda, na miye njo nililia kumupita.

Kusoma polepole, kuuliza nani aliandika na juu ya nini, hiyo njo kazi ya lettres. Hata zamani kule Ulaya, masomo saba ya mtu huru yalikuwa grama, lojiki, retorika, na palepale hesabu, jeometri, muziki na elimu ya nyota, mwanafunzi alisoma maneno na hesabu pamoja.

Siku moja nilibaonyesha batoto tablo ya Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wetu wa hapa, nikabaelezea mugomo wa bafanyakazi ba Union Minière, kampani ya bakoloni ya kuchimba kwivre (shaba), Desemba 1941, baaskari balibapiga risasi humu humu mu muji. Binti moja wa nyuma akauliza: «Mwalimu, bale bafu balihesabiwa na nani?» Darasa nzima kimya. Saa mbili zilipita tukipima hesabu ya serkali ya bakoloni na maneno ya bazee, na hata kengele ilipolia hakuna mwenye alisimama. Ile ulizo hainunuliwe ku soko.

Mudimbe, mwandishi na mwanafilozofia mwenye alizaliwa Likasi, alifundisha hapa Lubumbashi, leo anasomwa dunia nzima. Hakuchimba hata kilo moja ya kwivre.

Siombi mufunge mekanike. Naomba saa mbili kila wiki za kusoma na kubishana mu seksio zote za tekniki, na penye Latin-philo ingali inapumua, musihesabu batoto tu.

Alhamisi saa ine niko mu darasa. Mukuye, mukae nyuma, ku banki ya yule binti.