Barua kwa mpwa wangu aliyeniomba jedwali la watu wa Bagamoyo

Mpwa wangu,

Ujumbe wako niliupata Ijumaa, nikausoma mara mbili kabla ya kutoka kwenda msikitini. Umeniambia mwalimu wenu huko Marekani amempa kila mwanafunzi kazi ya kueleza wakazi wa mji anaotoka: rangi zao, makabila yao, na kila kundi ni asilimia ngapi. Wenzako wamefungua takwimu za sensa yao, wakamaliza mapema. Wewe umeitafuta Bagamoyo usiku kucha, hukuona hata namba moja. Ukaniuliza, "Mjomba, serikali yetu inaficha nini?"

Nakujibu hapa hadharani, maana vijana wengi wa hapa wanajiuliza swali hilohilo na hawana wa kumuuliza.

Hakuna kinachofichwa. Swali lenyewe haliulizwi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila katika nchi yetu ilikuwa ya 1967. Baada ya hapo tumehesabiwa 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na mara zote makarani hawakuuliza kabila wala dini. Mwaka 2022 tulitoka watu 61,741,120 nchi nzima. Wangapi kati yao ni Wakwere au Wadoe, makabila ya huku kwetu, hakuna kitabu cha serikali kitakachokuambia.

Waliokuwa wakituhesabu kwa rangi ni wakoloni. Waingereza, 1948 na tena 1957, walifanya hesabu mbili zilizopishana kwa miezi: Waafrika wakati wao, wasio Waafrika wakati wao. Mzungu na safu yake, Mhindi na yake, Mgoa, mtu wa Goa kule India, na yake, Mwarabu na yake. Sasa ifikirie nyumba ya Bagamoyo ya siku zile, baba Mshihiri, yaani Mwarabu wa Yemen, na mama Mzaramo, wanalala chumba kimoja na kula sinia moja. Karani anakuja Februari kumwandika baba, anakuja mwingine Agosti kumwandika mama. Watoto waende na karani yupi? Na hesabu ile haikuwa ya kujua tu. Shule zilikuwa za rangi, hospitali zilikuwa na wodi za rangi. Ndiyo maana mimi naona walioliondoa swali lile walifanya jambo jema, na ningeulizwa leo kama lirudishwe ningesema hapana.

Ila usije ukamwandikia mwalimu wako kwamba sisi sote ni wamoja, basi. Hapo utakuwa umeuonea mji wako.

Chukua kalamu. Wazee huanza na Washomvi, watu wa pwani, wenye chumvi na samaki, na majumbe wao, yaani watawala wao. Husimulia kwamba Wakamba walipowavamia, Washomvi walimwita Pazi, mkubwa wa Wazaramo kutoka bara, akaja na watu wake akawafukuza Wakamba. Baada ya hapo Washomvi wakawa wanatoa ushuru kila mwaka, ukaitwa kanda la Pazi. Kwa hiyo tangu mwanzo huu ulikuwa mji wa mkataba kati ya watu wa maji na watu wa bara, pamoja na Wakwere, Wazigua na Wadoe waliouzunguka. Ukisikia mtu anasema Bagamoyo ni ya kabila fulani, mwulize hilo kanda lilikuwa la nini.

Kisha wakaja Waarabu wa Omani na askari wao Mabulushi, wakaja Washihiri kutoka Hadhramaut. Wahindi walikuja si kama kundi moja: Makhoja, Mabohora, Mabanyani, kila watu na mahali pao pa kusalia. Sewa Haji Paroo, Khoja mfanyabiashara wa hapa Bagamoyo, ndiye aliyekuwa akizipa misafara ya kwenda bara vitambaa, shanga na wapagazi. Alijenga shule akataka ipokee watoto wa rangi zote, miaka sitini na zaidi kabla ya uhuru. Mtu huyo utamweka safu gani?

Na wapagazi wenyewe, Wanyamwezi, walishuka kwa maelfu kila msimu na pembe za ndovu mabegani. Walipiga kambi pembeni mwa mji wakingoja mizigo ya kurudi nayo Tabora. Wengine hawakurudi. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi unaousikia mpaka leo ulizaliwa katika njia ile.

Sasa nije kwenye lile ambalo jedwali la mwalimu wako halina safu yake, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie barua badala ya ujumbe mfupi.

Sehemu kubwa ya mji huu ni wajukuu wa watu walioletwa kwa nguvu. Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo, Wayao, Wanyasa, Wangindo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika 1868 walianzisha kijiji cha Wakristo cha waliokombolewa, watu ambao hawakuwa na lugha moja wala ukoo mmoja, wakapewa majina ya ubatizo na viwanja vya kujengea. Waliobaki mjini walichukua njia nyingine: walisilimu, wakajifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, na baada ya kizazi kimoja au viwili wakajiita Wazaramo, au Waswahili tu. Utumwa ulifutwa kabisa na sheria ya 1922. Aibu yake haikufutwa siku ile. Ilibaki kwenye posa. Nimeshuhudia wazee wakiuliza "ukoo wake nani?" kwa sauti ya chini, na kila mtu barazani akajua kinachoulizwa.

Ndiyo maana nataka umwandike Sheikh Yahya bin Abdallah, tunayemwita Sheikh Ramiya. Aliletwa hapa mtoto mdogo kutoka Manyema, mtumwa katika nyumba ya Waarabu wa ukoo wa Al-Lamki. Alisoma akawa mwanachuoni, akawa mkubwa wa twarika ya Kadiria, njia ya Kisufi, na Waarabu na waungwana waliojiona bora kwa damu wakakaa chini mbele yake kusomeshwa. Alifariki 1931, na watu wameendelea kuja Bagamoyo kwa ajili yake. Umewahi kuuona umati wa ziara ulipokuwa mdogo, ukaniuliza kwa nini magari ni mengi. Nilikujibu "kuna sherehe". Nilikosea. Ningekuambia mtoto aliyefikishwa hapa kama mali ndiye wanayemjia.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, mengine utayapata vitabuni. Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam 1891, reli ya kati ikaanzia huko 1905, misafara ikafa, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaifuata biashara. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yakataifishwa na wengi wa waliobaki wakaondoka. Milango ya nakshi unayoiona kwenye picha ni ya nyumba ambazo wajukuu wa wenyewe hawapo.

Lakini mji haukukaa mtupu. Chuo cha Sanaa kilileta vijana wa kila mkoa. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifundisha hapa, akapiga zeze lake mpaka dunia ikamjua, akafariki hapa 2003, na ukoo wake bado unapiga. Wamakonde wanachonga vinyago barabarani. Wachaga wana maduka, Wasukuma na Wamasai wako na ng'ombe wao huku vijijini. Mtoto wa jirani yangu ana baba Mhehe na mama Mdigo, ukimwuliza kabila anakujibu "mimi wa Magomeni", na ni Magomeni hii ya Bagamoyo, si ya Dar.

Nikikwambia tusihesabu kwa makundi, haimaanishi tusijuane. Hapa tunajuana msibani. Mtu akifa, watani wanakuja. Wanaficha jembe, wanalala mbele ya jeneza, wanadai walipwe ndipo maiti izikwe, na wenye msiba wanacheka katikati ya kilio. Aliyekuja kukutania ndiye anayekuambia wewe ni nani.

Mwaka aliofariki bibi yako, yaani mama yangu, wewe ulikuwa hujazaliwa. Sisi tunajulikana Wazaramo, na watani wetu Wanyamwezi walifika asubuhi, wakalishika jembe kama kawaida yao. Basi akasimama mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa, kanzu yake imechakaa, wengi wetu hatumfahamu. Akasema, "Nipeni mimi hilo jembe. Huyu si Mzaramo, huyu wa kwetu Manyema. Mama yake na mama yangu waliletwa kwa mnyororo mmoja." Barazani pakawa kimya. Mjomba wangu mkubwa akamfuata haraka na noti mkononi, akitaka kumnyamazisha. Yule mzee hakuipokea. Akachukua jembe, akatupia udongo wa kwanza kaburini, akaondoka bila kula.

Nyumbani hatukulizungumza tena. Mimi niliona aibu, na sikuona aibu ya utumwa, niliiona ya ile noti. Nimeibeba miaka yote hii.

Kwa hiyo nakuomba: safu ya asilimia iache wazi, umweleze mwalimu kwa nini iko wazi, kisha umwandikie haya. Na kabla hujaandika kwamba ukoo wetu ni Wazaramo, mpigie simu mama yako. Alikuwapo siku ile, amesimama karibu nami. Mwulize nani alitupia udongo wa kwanza kwenye kaburi la bibi yako, na kama analikumbuka jina lake, uniandikie.

Mjomba wako,
Bagamoyo