Sakafu ya Fleti na Chumba cha Mama

Shela, Malindi

Shoga yangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila vumbi tu; hata kwenye sukari limo. Mama hajambo? Mfikishie salamu zangu na umwambie halua imefika.

Umeniuliza kama vile vigae vya zamani vya fleti yetu tulivibomoa au tulivifunika, kwani mama naye anataka chumba chake cha juu huko Mkomani, Lamu, kifanywe vivyo hivyo. Jibu lina mafundo, shoga: sebuleni tumefunika, chooni tumebomoa, na kwenu mimi nisingefanya lolote kati ya hayo mawili.

Nianze na sebule. Jengo letu ni la zege na nondo, halina wasiwasi wa uzito. Fundi wa kwanza aliangalia kwa macho tu akasema, "Hapa nabandika juu, Jumamosi mnaingia." Nikampa chai akaenda zake. Wa pili alikuja na nyundo na kipande cha chaki, akapiga magoti, akagonga kigae kimoja kimoja. Kazi nikampa yeye. Kigae kilichoshika hulia kavu. Kilichoachia hulia kama mtungi mtupu. Ukibandika kipya juu ya kilichoachia, kesho mguu wa kabati utavipasua vyote viwili. Vyetu vibovu vilikuwa vichache, karibu na mlango wa roshani ambako mvua ya kusi hupiga. Hivyo akavitoa, akayajaza mashimo saruji, vingine akaviacha.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza ni uso wa kigae chenyewe. Hauna pa kunywea maji, kwa hiyo saruji na mchanga juu yake haikamati. Alivikwaruza vyote kwa grainda mpaka ule mng'ao ukafa (barakoa usoni na maji yakinyunyizwa, maana vumbi lile ni adui wa mapafu), akasugua mafuta ya miaka yote kwa sabuni kali, akaacha sakafu ikauke. Ndipo akatumia gundi ya mfuko, ile iliyoandikwa kuwa inafaa kigae juu ya kigae. Mfuko wa kilo 20 hutandika mita 4 au 5 za mraba, kutegemea ukubwa wa meno ya mwiko. Kandokando ya kuta aliacha nafasi kidogo ya sakafu kutanuka kwa joto, akaifunika kwa vigae vya ukutani.

Sasa sakafu imepanda. Kigae kipya ni milimita 8 hadi 10, gundi 3 hadi 5. Jumla ni sentimita moja na kidogo hadi moja na nusu. Milango yote ilibidi ing'olewe na kukatwa chini, na huo wa mvule ulihitaji wanaume wawili. Tena ngazi ya mwisho ya kuingilia imekuwa ndefu kuliko wenzake, na ni pale pale mguu wa mzee hujikwaa. Baba mkwe nimemwekea mshikio ukutani.

Chooni sikukubali kufunika hata kidogo. Maji yanataka mteremko hadi kwenye tundu, na sakafu ya choo ikipanda kuliko ya ukumbi, ukioga maji yanakufuata nje. Halafu dari la jirani wa chini lilikuwa na doa, na doa halitibiwi kwa kubandika kigae juu. Tulivunja hadi kwenye zege. Chini tukakuta plasta mbichi, inamong'onyoka, imetoa chumvi nyeupe. Fundi akapaka dawa ya kuzuia maji, tabaka mbili, akaipandisha na ukutani, kisha akaziba tundu, akajaza maji, akayaacha yalale. Asubuhi tukabisha kwa jirani kuangalia dari lake. Kavu. Ndipo vigae vikaanza.

Wifi yangu yeye alitaka mkeka wa mbao, ule wa plastiki wenye sura ya mbao, kila mahali, upesi na rahisi. Kwa nyumba ya kupanga, orofani, sina neno, mradi mifereji kati ya vigae ijazwe kwanza, la sivyo mistari itajichora juu ya mkeka. Lakini usiutandike chini kwenye nyumba ya mawe ya kale. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unakosa pa kutokea, na harufu utaijua mwenyewe.

Jirani wa juu ana vile vya plastiki vya zamani, vya inchi 9, vimegandishwa kwa gundi nyeusi kama lami. Vingi vya aina hiyo vilitiwa asbestosi. Yeye nimemwambia asivikwaruze wala asivivunje. Avifunike vilivyo na amalize.

Haya, kwenu. Chumba cha mama kimekaa juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo tayari zimebeba mawe na chokaa. Kigae kizito na gundi yake ni karibu kilo 28 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 5 utakiongezea zaidi ya kilo 400, kabla hujarudisha kitanda. Boriti pia huchezacheza kidogo, kigae hakijui kucheza. Na chokaa hupumua. Ukiizibia juu, unyevu utabaki humo humo na boriti zitaoza. Tena mji wenu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla fundi hajagusa kitu pita ofisi ya Makumbusho uwaulize.

Najua mama anapenda king'aacho. Mtafutie fundi wa chokaa, azibe nyufa kwa chokaa, si saruji, kisha mtandikie mkeka mzuri wa ukindu. Akishikilia vigae, basi awekewe ukutani jikoni, ambako mafuta yanaruka.

Ila kabla ya yote mwambie mtu apande na tochi aangalie ncha za boriti zinapoingia ukutani, kama kuna mchwa au zimelainika. Nipigie picha unitumie, nimwonyeshe fundi wangu kabla hajaondoka kwenda Watamu wiki ijayo.

Wako,
Mwanajuma