Kabla hujalipia chumba cha London

Mwanangu,

Umesema umepata chumba mtaa wa London, Nakuru, kodi nafuu, na ajenti anataka pesa kufikia Ijumaa. Sina neno na London. Nimelelewa hapo, chini kidogo ya jaa la Gioto, na ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu utanijibu "sawa, mama" kisha uendelee na yako.

Ulienda kukiangalia saa ngapi? Kama ni mchana, bado hujakiona. Mchana jua limepasha ardhi, upepo umeamka, moshi wa jaa unapanda na kupotea. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, hasa mwezi huu wa Julai. Usiku hewa baridi hushuka kutoka mlima Menengai, na kwa kuwa ni nzito hutulia chini, hewa ya joto ikaifunika kwa juu. Moshi unakosa pa kutokea.

Tulikuwa tukitoka na sweta za shule, lango la jirani halionekani, ukadhani ni ukungu mpaka uvute pumzi. Ulikuwa na ladha, utamu fulani wa plastiki unaokaa kooni. Siku ambazo wavulana walichoma nyaya na matairi wapate shaba na vyuma vya kuuzia watu wa skrapu, ulikuja mweusi kabisa. Mashati yetu meupe shosho yako aliyaanika ndani, kwenye kamba juu ya kitanda, na bado ukipenga kamasi asubuhi kitambaa kinatoka na masizi. Kikohozi tulisema ni baridi tu.

Sekondari mwalimu wa jiografia alitufundisha habari za London ile ya Uingereza, Desemba 1952. Darasa zima likacheka, unajua tena. Moshi wa makaa ya mawe ulifungiwa chini siku tano kwa namna hiyohiyo, makondakta wakawa wanatembea mbele ya basi na mienge mchana. Waliokufa walihesabiwa kama 4,000, na wataalamu wa baadaye wakasema huenda walifika 12,000. Sheria ya hewa safi ilipitishwa 1956. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeelewa kwa nini moshi wetu haupandi.

Najua mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017. Lakini moto wa jaa hula chini kwa chini. Unamwagia maji juu, kesho unafuka tena. Na wewe una pumu.

Basi nenda Alhamisi kabla jua halijatoka. Tazama majirani wameanika nguo wapi. Pitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha. Muulize mama mboga, si ajenti. Ukiona pako sawa, lipa, nami nitakuongezea ya godoro. Ajenti akikwambia kuna mwingine anakitaka, mwambie ampe.

Mama yako