Sindano za Wachina: ukienda, angalia haya

Mhariri,

Tangu watu waone natembea bila kuburuta mguu, haipiti siku barazani bila mtu kuniuliza habari ya tiba ya sindano za Kichina. Naomba nafasi niwajibu wote kwa mkupuo.

Sindano yenyewe haina tundu wala haiingizi dawa. Ni nyembamba kuliko yoyote niliyo nayo kwenye cherehani. Ikipenya husikii kitu, au kama umeumwa na chungu. Ikishakaa unasikia uzito na ganzi kidogo. Unalala nazo kama nusu saa, zinachomolewa.

Lakini taka pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako. Sindano hutumika mara moja, ikatupwa. Mimi kliniki moja ya uchochoroni nilizikuta zimelowekwa kwenye bilauri ya spiriti. Nikavaa viatu vyangu nikatoka.

Usiende na njaa, utapata kizunguzungu. Sema kama una mimba, unameza dawa za kuzuia damu kuganda, au umewekewa betri ya moyo, maana wengine huziunganisha sindano na umeme.

Nafuu yake huonekana zaidi kwenye maumivu sugu ya mgongo, shingo, magoti na kichwa, tena ya wastani tu. Anayekuahidi kuponya kisukari anataka fedha zako. Na dawa za presha usiziache!

Madaktari wa China wako Zanzibar tangu 1964, jambo hili si geni. Wizara itubandikie basi majina ya waliosajiliwa, hospitalini na masokoni.

Fundi cherehani,
Mwembetanga, Unguja