Picha zikigoma kupanda, si kila mara ni mtandao wa Kusini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaseme kidogo wanaotupangisha seva za tovuti, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti zetu. Sisi wa Mtwara tumezoea kuambiwa "mtandao wenu huko mbovu" kwa kila tatizo, hata lile ambalo mtandao haumo kabisa.

Mimi ni mpiga picha, studio yangu ipo Chikongola. Korosho zikishauzwa huku kila mtu anaoa, na shule zikifungwa inakuwa zamu ya jando na unyago. Sasa picha za unyago si za kumwaga Facebook. Mama wa mwali anataka ndugu zake walioko Mbagala na Tandahimba wazione, ila hataki zizurure. Ukizituma WhatsApp kama picha za kawaida zinafinywa ubora unapotea, na kesho yake unazikuta kwenye makundi usiyoyajua. Ndiyo maana nikapangisha seva, nikaweka maktaba yangu mwenyewe ya picha, kila familia na albamu yake na neno lake la siri. Programu za kazi hiyo zipo za bure. Piwigo, kwa mfano, ilianzia Ufaransa mwaka 2002 na mpaka leo inatumika. Yangu ni nyingine, ya kizamani kidogo, nayo imeandikwa kwa PHP, lugha ya kutengenezea programu za tovuti, kama nyingi za aina hiyo.

Picha moja moja zilipanda bila tabu. Kasheshe ilikuwa kupandisha harusi nzima kwa mpigo. Nachagua picha hamsini nilizokwisha kuzipunguza ukubwa, zinaingia 20, zilizobaki kimya, hakuna hata ujumbe wa kosa. Nikichagua zenye ukubwa wake wa kamera, ukurasa unazunguka weee, halafu unarudi mtupu kana kwamba sikuchagua kitu. Nikaipigia simu kampuni iliyonipangisha seva. Kijana wa huduma kwa wateja akaniuliza niko wapi. Niliposema Mtwara, jibu akawa ameshalipata.

Lakini mtandao unaokatika haujui kuhesabu. Ungekuwa mtandao, leo zingeingia 13, kesho 31. Zikigota 20 kila mara, ujue kuna mahali pameandikwa 20. Na kweli pameandikwa: PHP ikiachwa ilivyo inapokea faili 20 tu kwa fomu moja, yaani kwa mpigo mmoja, na kipengele chenyewe kinaitwa max_file_uploads. Faili moja lisizidi MB 2, hiyo ni upload_max_filesize. Mzigo mzima wa fomu usizidi MB 8, hiyo ni post_max_size, na ukiuvuka PHP haichagui cha kubakiza, inautupa wote. Ule ukurasa mtupu ndio huo. Kampuni yangu ilikuwa imeziongeza hizo za MB, ila si za kutosha harusi nzima, na ile 20 haikuguswa. Wenye seva zinazoendeshwa na programu iitwayo nginx wana afadhali kidogo: huko kikomo kisipobadilishwa ni MB 1, lakini ukikivuka unaambiwa kosa namba 413, angalau una cha kumwambia fundi.

Jioni ileile, kwa bando lilelile, nilizipeleka picha zote za harusi kwa FTP, njia ya kuhamisha faili moja kwa moja hadi kwenye seva, ambayo haipiti kwenye PHP. Zikafika zote, kubwa na ndogo. Nikaiagiza programu isome folda, ikazisoma. Mtandao mbovu uko wapi hapo?

Bado lilibaki jambo moja, na hili ndilo lililonichekesha. Picha za kulala, zile pana, zilitoka vizuri; za kusimama, zile ndefu, zikakosa vijipicha vyake vidogo. Bibi harusi peke yake, hakuna. Bibi harusi na ukoo mzima kwenye jamvi, yupo. Sababu ni kumbukumbu ya seva, ile nafasi ya kufanyia kazi, si ya kuhifadhia. Picha ya megapikseli 24, yaani nukta (pikseli) milioni 24, kwenye diski inaweza kuwa na MB 8, lakini ili itengenezewe kijipicha inabidi ifunguliwe yote, na kila pikseli inachukua baiti 4, yaani takribani MB 96. Kamera nayo huihifadhi picha ya kusimama ikiwa imelala, na kuandika pembeni kwamba igeuzwe. Programu ikiigeuza inashika nakala mbili kwa wakati mmoja, karibu MB 192, wakati memory_limit, yaani kikomo cha kumbukumbu cha PHP, kwa kawaida ni MB 128. Inakata roho katikati. Nilipowapa hesabu hii kwa maandishi, waliongeza ikawa 256, na mabibi harusi wote wakaonekana.

Sisemi mtandao wetu hauna siku mbaya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima iliteseka pamoja na majirani. Siku hiyo hata mimi sikumpigia mtu simu.

Ninachoomba ni hiki. Matangazo yao yamejaa "GB 20, GB 50", hiyo ni sawa na kuniuzia ghala la korosho bila kuniambia mlango wake unapitisha debe tu. Wachapishe kwenye orodha ya bei, kwa Kiswahili, vikomo hivyo vinne: ukubwa wa faili, ukubwa wa mzigo, idadi ya faili na kumbukumbu. Waseme pia ni vipi mteja anaruhusiwa kuvibadilisha mwenyewe na vipi mpaka aombe. Na vijana wao wa simu, kabla hawajamuuliza mteja yuko mkoa gani, wamuulize picha zinagotea ngapi.

Mpiga picha,
Chikongola, Mtwara