Kitabu cha mtoto kisomeni kwa sauti kabla hamjanunua

Mhariri, naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu wa hapa Dodoma wenye watoto wa chekechea. Ukiingia duka la stesheneri ukaulizia kitabu cha mtoto wa miaka minne unapewa cha a e i o u, au cha Kiingereza chenye picha za matunda, na tunanunua kwa sababu tunataka mtoto awahi kusoma. Sikatai, herufi atazijua, ila hicho ni cha kufundishia, sio cha kukaa nae mkekani jioni, hakina hadithi, ukishasema a ni ananasi ndo basi.

Mi nashauri hivi, soma kwa sauti palepale dukani hata kurasa tatu. Kama wewe mtu mzima ulimi unakwama, au sentensi haiishi mpaka pumzi inakata, kirudishe. Mtoto wa umri huo anataka mistari miwili mitatu kwa ukurasa, picha inayoonyesha kile kile unachosoma, na maneno yanayojirudia ili ayadake. Wa kwangu ana kimoja cha mbuzi anayetafuta maji, kila ukurasa anauliza "maji yako wapi?" sa hivi nikifika hapo nanyamaza tu, yeye ndo anauliza kwa sauti kubwa, kidole kakiweka kwenye korongo lililokauka kwenye picha, maana makorongo anayajua, huku kwetu yanakauka kila mwaka mvua zikikatika. Theluji nayo aisome, ila isiwe theluji tu kila kitabu, awe na mbuyu, kuku, daladala, vitu ambavyo na yeye ana la kusema.

Na kama bibi hajui kusoma msimnyime kitabu jamani, cha picha tupu anakisimulia kwa Kigogo na mtoto anapata maneno ambayo sisi wenyewe tumeshaanza kuyasahau.

Hela ikibana, African Storybook wana hadithi za Kiswahili bure kwenye intaneti, unapakua kwenye simu. Vya kuchapwa vipo, Mkuki na Nyota wa Dar wanatoa vya watoto, ulizieni dukani, tena mara nyingi, muuza duka haagizi kitu kisichoulizwa.

Na wewe Mhariri nakuomba, Jumamosi tuwekee kahadithi kafupi ka watoto kwa herufi kubwa, tukate tuwasomee.

Mzazi, Ipagala, Dodoma